Vidole Vitano Chini ya Daraja

Lango la Maji Namba 14
Saint-Aubry
11 Februari 1983

Mdogo wangu Wytze,

Barua yako ya mwaka mpya nimeipata, na soksi za Hinke nimezivaa hapa ninapoandika. Mwambie zinanibana kidogo kisiginoni, lakini asithubutu kuzifumua.

Sasa nisikilize. Ofisi ya mifereji imeniletea karatasi. Tawi letu la mfereji linafungwa tarehe 30 Septemba. Siku hiyo saa sita mchana nitafunga milango yangu kwa mara ya mwisho, watayamwaga maji yote, na mimi nitahamia chumba cha ghorofa ya pili mjini, ambako sitaweza hata kuwatupia bata makombo. Miaka thelathini na tano nimewafungulia watu milango hii, kwanza na Lucien wangu, Mungu amrehemu, halafu peke yangu. Mwaka jana zilipita boti tisa tu. Mbili zilikuwa za watalii waliopotea njia.

Nakukumbusha jambo. Siku niliyoondoka nyumbani ulikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ukakimbia kando ya treni ukipiga kelele, "Nitakuja kukuona kwa boti, Froukje, mpaka mlangoni!" Behewa zima liligeuka kunitazama. Basi, mlangoni nipo. Treni zipo, najua. Lakini kwa treni anakuja yeyote. Mimi nataka nikufungulie lango langu angalau mara moja, kabla halijawa shimo la majani.

Dada yako,
Froukje


Akkrum
20 Februari 1983

Dada Froukje,

Hinke ameisoma barua yako kwa sauti mezani, akavua miwani, akasema, "Mwishowe utalitoa lile lichuma bandani." Kwa lugha ya mke wangu hiyo ni baraka.

Tunakuja. Umesikia? Tunakuja! Boti ni ya chuma, urefu mita tisa na sentimita themanini, upana mita tatu na kidogo, na tumbo lake linazama chini ya mita moja. Nimeitengeneza tangu nilipostaafu, wakati majirani wakinicheka kwamba nitazikwa humo. Nimetandaza ramani sakafuni, kutoka jikoni mpaka kwenye ngazi, na natambaa juu yake kwa magoti. Hinke ananiruka akipita na sufuria.

Nina maswali mawili. La kwanza: walinzi wa madaraja huko wanakula chakula cha mchana saa ngapi? Nao wanakushushia kiatu cha mbao kwa fimbo ya kuvulia samaki ili utie sarafu, au Wafaransa wana mtindo wao? Sitaki kukaa saa mbili mbele ya daraja lililofungwa kwa sababu bwana mkubwa anatafuna.

La pili linaninyima raha. Ramani inasema unaishi mita mia tatu na zaidi juu ya bahari. Sisi hapa tuko mita moja chini yake. Boti itapandaje mlima, dada? Ni kweli nimefanya kazi ya maji maisha yangu yote, lakini maji ninayoyajua mimi yamelala.

Wako,
Wytze


Saint-Aubry
6 Machi 1983

Wytze mpenzi,

Walinzi wa madaraja huku hakuna hata mmoja. Hakuna kiatu, hakuna fimbo, hakuna sarafu. Unapita tu. Vipimo vyako nimevilinganisha na lango langu: kwa urefu, upana na kina, utaingia na nafasi itabaki.

Kuhusu mlima, boti haipandi, inapandishwa. Unaingia kwenye chumba cha mawe, nafunga mlango nyuma yako, nafungua matundu ya mbele, maji ya juu yanaingia chini ya tumbo lako na kukuinua taratibu. Ukifika juu nafungua mlango wa mbele, unatoka, unakwenda kwenye chumba kingine. Ukifanya hivyo mara mia na zaidi, uko kwangu. Niliposimulia mara ya kwanza katika barua kwa Mama, alidhani nimechanganyikiwa.

Nami nina sharti langu, na ni vizuri nilitaje mapema. Unakumbuka maneno ya Baba. Nilikuwa nimesimama sitahani na ndoo mkononi, naye akasema toka kwenye kibanda cha usukani, bila hata kugeuza kichwa, "Ukiolewa na huyo Mkatoliki, chombo hiki hakitakubeba tena." Mimi niliyeshika usukani ule tangu nina miaka kumi na miwili, nikivusha viazi vyake kila daraja la kwetu Friesland! Basi nikaapa sitakanyaga kitu chake chochote, hata kibao kimoja. Alipokufa nikasikia chombo kimeuzwa kama chuma chakavu, na sikutoa chozi. Lakini chako nitapanda. Niandalie kiti mbele na kahawa nzito.

Froukje


Akkrum
17 Machi 1983

Dada Froukje,

Nimefurahi kusikia kwamba hakuna walinzi. Ustaarabu ulioje, madaraja yanakaa wazi siku nzima!

Kiti nimekitengeneza tayari. Kuhusu boti yenyewe usiwe na wasiwasi, ni chuma kizuri, na rangi ni ya kijani. Tutaondoka Julai mashine ikikubali.

Wytze

Wifi, hajakwambia kila kitu. Ni mume wangu, kwa hiyo mimi nanyamaza, lakini ujue kwamba nimemwambia akwambie. Hinke.


Charleville
19 Agosti 1983

Dada Froukje,

Nimefunga kamba tu, nakuandikia kabla hata sijala.

Huku mto Maas unapita kati ya milima. Ulijua? Bila shaka unajua, unaishi huko, lakini kwa nini hujawahi kuniambia? Nimezoea mbingu zinazoanzia miguuni. Hapa mbingu ni utepe juu ya kichwa, na misitu inashuka mpaka majini, na mto unajikunja kiasi kwamba asubuhi tuliona mnara wa kanisa kulia kwetu na mchana tukauona uleule kushoto. Hinke alisema, "Tumerudi nyuma." Nikamwambia hatujarudi. Akasema, "Basi kanisa ndilo linatembea."

Halafu mlima ukaziba njia, na mto ukazunguka kwenda zake, na mfereji ukaingia ndani ya mlima. Ndani, dada! Kuna tundu kwenye mwamba, na unatakiwa kuliingia na boti yako. Niliwasha taa nikaenda mwendo wa konokono. Maji yalikuwa yanadondoka shingoni. Hinke, ambaye tangu Akkrum amelalamikia chumvi, mbu na mimi, alianza kuimba zaburi, na mlima ukamrudishia kila mstari kana kwamba kuna kanisa zima la watu mbele yetu. Akauacha wimbo katikati. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wytze, kuna watu walilichimba hili kwa mikono."

Na lango la kwanza la kupanda! Mlinzi ni mama mnene mwenye aproni, akanitupia kamba huku anamenya maharage. Nikatazama ukuta ulioota ukungu, na ukungu ukaanza kushuka. Kumbe ni mimi ninayepanda. Nilivua kofia. Yule mama alimwuliza Hinke kama mume wake anaumwa.

Hii ndiyo kazi uliyoifanya miaka yote hii, kuwainua watu. Nami nilidhani unafungua na kufunga mageti.

Wytze


Saint-Aubry
2 Septemba 1983
(Kwa posta ya Épinal, atakuja kuichukua mwenyewe)

Wytze,

Jana nilikuwa naanika mapazia, nikatazama chini bondeni kwenye daraja la kijiji, nikayaacha yote nyasini. Boti yako ina kimo gani juu ya maji?

Nilikwambia hakuna walinzi wa madaraja. Hawapo kwa sababu madaraja hayafunguki! Ni mawe, na hayajasogea tangu yajengwe. Nimekaa huku muda mrefu mno mpaka nimesahau kwamba kwetu daraja ni kitu kinachoinuka kukupisha, na wewe hujawahi kuona la namna nyingine. Tumeandikiana urefu, upana na kina, watoto wawili wa mtu wa boti, na hakuna aliyetaja kimo.

Kwenye mfereji mkubwa hutapata shida. Lakini tawi letu ni la zamani, na daraja la Saint-Aubry ni mita mbili na sentimita tisini, tena katikati ya tao tu. Pima, kisha niandikie upesi. Kibanda cha usukani kama ni cha mbao nyepesi kitakunjwa au kitakatwa, si jambo la kufa mtu.

Froukje


Juu ya ngazi ya malango
21 Septemba 1983

Dada Froukje,

Épinal hatukuingia. Iko kwenye kitawi chake pembeni, na Hinke alisema tukichepuka tena tutakukuta umeshahama. Kama uliniandikia huko, utanisimulia kwa mdomo.

Leo tumepanda ngazi. Malango zaidi ya kumi yamefuatana, ukitoka moja pua inaingia jingine. Kabla yake tulivuka mto kwa daraja, sisi juu na mto chini. Maji juu ya maji! Hinke alichungulia pembeni akaona watu wanavua samaki chini yake, akawapungia mkono, na mmoja wao akavua kofia kama vile amepita malaika.

Kutoka lango la mwisho niligeuka nikatazama nyuma. Vyumba vyote vile vya maji vilikuwa vimeshuka kilima, kimoja baada ya kingine, vinang'aa, na chini kabisa bonde lenye nyumba ndogo kama punje. Mimi niliyezaliwa chini ya bahari! Nimesimama juu ya kilima ndani ya boti yangu mwenyewe, na ndege wanaruka chini yangu. Machozi yalinitoka, dada, na sioni haya kukuandikia.

Siku nne au tano tu. Weka birika motoni.

Wytze


Daraja la Saint-Aubry
26 Septemba 1983, saa nane mchana

Froukje,

Nakuandikia juu ya goti, na huyu mama wa posta, Odile, ameahidi kukuletea kwa pikipiki yake. Niko kilomita mbili chini yako. Nauona moshi wa nyumba yako.

Siwezi kupita. Kibanda cha usukani kimezidi daraja kwa upana wa vidole vitano. Odile anasema ulikuwa unauliza posta kila siku kama nimejibu kuhusu kimo. Sikujua. Nilikuwa nikiona mawe yanapita juu ya kichwa changu nikasema, ajabu, madaraja mengine yamesahaulika kufunguliwa.

Msumeno ninao. Lakini kabla sijakata lazima nikuambie kile ambacho Hinke ameniambia nikuambie tangu Machi. Kibanda hiki ni cha Baba. Kilipopelekwa chombo kwenye chuma chakavu nilikwenda nikakinunua, kibanda chenyewe na sakafu yake, nikakificha bandani miaka ishirini na miwili. Sikufanya hivyo kwa ajili yake. Ni kwamba ninapokumbuka utoto wangu, ninayemwona humo ndani ameshika usukani ni wewe. Sikutaka kiishie kuni.

Sitakudanganya kwamba Baba alibadilika. Hakubadilika. Hata siku ya mwisho hakukutaja.

Neno lako ndilo nitakalofuata.

Wytze


Lango Namba 14
Siku hiyohiyo, saa tisa

Kata.

F.


Lango Namba 14
Saa kumi na moja jioni

Usikate. Kama umeanza, acha.

Odile anasema ulipoisoma karatasi yangu ulikwenda kuutafuta msumeno, na Hinke akaukalia. Mpe Hinke salamu zangu.

Nimekaa jikoni saa mbili. Nilipokwambia ukate nilijua utakata, maana hujawahi kunikatalia kitu tangu ujifunze kutembea. Halafu kesho nikufungulie lango na nione kisiki? Usidhani nimemsamehe. Nimekasirika na wewe pia, tena sana, na tutagombana ukifika. Lakini ufike kwanza.

Sasa ni kazi, kwa hiyo soma vizuri. Kesho saa tatu asubuhi nitateremsha maji ya kipande chako cha mfereji vidole viwili. Zaidi ya hapo siwezi, mchanga umejaa huku na kizingiti cha lango langu kitakukwaruza tumbo. Vidole vitatu vilivyobaki lazima vitoke kwa watu. Boti yenye mzigo inakaa chini, hilo hata wewe unalijua. Odile anazunguka nyumba kwa nyumba. Padri amekubali, na padri peke yake ni kilo mia moja na kumi. Wakalishe wote sitahani, wagawe sawa kulia na kushoto, zima mashine, sukuma kwa mti mrefu.

Mimi nitasimama ukingoni kutazama kimo. Usinisihi nipande.

Froukje


Bandari ndogo ya mfereji mkubwa
9 Oktoba 1983

Dada Froukje,

Tumeegesha hapa kwa majira ya baridi, na kesho kutwa tunapanda treni kurudi Akkrum. Ndiyo, treni. Cheka.

Kila siku nangojea Hinke alale mchana ili niikumbuke asubuhi ile kwa utulivu. Watu kumi na wanane! Mwoka mikate na unga wake usoni, wale mabinti wa kwaya, mzee aliyebebwa pamoja na kiti chake, na padri wa Kikatoliki amekaa kitako akiegemea kibanda cha Baba, anaomba radhi kila anapopumua kwamba boti inayumba. Nilidhani Baba atatoka kaburini Friesland aje kwa miguu. Na jinsi walivyoinamisha vichwa wote tulipoingia chini ya tao. Hakuna aliyewaambia.

Halafu paa likagusa jiwe. Nilisikia mkwaruzo. Wewe ukapiga kelele kutoka ukingoni, "Unene wa sarafu! Umebakia unene wa sarafu tu!" Na usukani haukuwa na mtu, kwa sababu mimi nilikuwa mbele kabisa na mti, na Hinke alikuwa amemshika yule mzee. Boti ilikuwa inaanza kwenda mshazari. Nilitaka kukuita, nikakumbuka karatasi yako, nikauma mdomo.

Kisha nikasikia boti inashuka. Kidogo sana, mtu mwingine asingehisi. Na pua ikanyooka. Sikugeuka, dada. Niliogopa nikigeuka utashuka. Nilisukuma, mawe yakapita juu yetu polepole, nikaona mwanga, na watu wale wote wakapiga yowe moja.

Tulikula, tukagombana kama ulivyoahidi, ukanifungulia lango lako nikapanda mita zangu tatu za mwisho, na hatukulizungumza. Siku ya kuondoka kijiji kilipanda tena bila kuitwa, ukashika usukani, na pia hatukulizungumza. Sasa nauliza. Ulifanya nini mle ndani?

Mdogo wako,
Wytze


Mjini, ghorofa ya pili
18 Oktoba 1983

Wytze,

Chumba kina jua. Bata hakuna, lakini kuna njiwa mmoja mwenye tabia mbaya, nimeanza kumzoea. Tarehe 30 nilifunga milango saa sita kamili kama ilivyoandikwa. Bwana wa ofisi alitaka kunisaidia, nikamwambia asiguse. Boti ya mwisho kwenye daftari la Lango Namba 14 ni yako, ya kijani, kutoka Akkrum. Nimeliiba daftari. Usimwambie mtu.

Unauliza nilifanya nini. Niliona pua inakwenda mshazari na nikajua ukuta wa kushoto utakula kona ya kibanda, na wewe kule mbele umejifanya mti. Sikuwaza habari za Baba wala za kiapo. Niliwaza kwamba mtoto huyu hajui kunyoosha boti. Padri akanipa mkono, nikaruka, nikaingia, nikashika usukani. Ndipo nilipotambua niko wapi.

Kilikuwa kinanuka vilevile, lami na tumbaku. Dari lilikuwa linasuguana na jiwe juu ya nywele zangu, vumbi linaniangukia, na jiwe lile zima kubwa linapita taratibu mno, ningeweza kuhesabu chembe zake. Nimeishi karibu na daraja lile miaka thelathini na tano na sikuwahi kuliona kutoka chini. Ni zuri, Wytze. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia.

Nilitazama miguu yangu. Unaijua ile sakafu, mahali viatu vyake vya mbao vilipochimba mbao, mashimo mawili, la kulia limezidi kwa sababu aliegemea upande huo. Nilikuwa nimesimama humo bila kujua, na miguu yangu inaenea sawasawa. Nadhani shimo la kulia nusu yake nililichimba mimi.

Nilingoja nione kama kitanikataa. Kilishuka ule unene wa sarafu uliokuwa umebaki, kikatulia, kikaenda mbele. Kilikuwa na kilo zangu sitini na mbili ndani yake, na kilinibeba mpaka nyumbani kwangu.

Usikiuze kibanda hicho. Mwakani mwezi wa tano nakuja kwa treni mpaka bandari mlikoiacha boti, na kuanzia hapo nitaendesha mimi mpaka Akkrum.

Dada yako,
Froukje